Nzi Aliyekufa Mara Mbili

Kwa heshima na taadhima zote zinazostahili, umma unaarifiwa kwamba asubuhi ile biashara kati ya nchi yetu tukufu na bara zima la Asia ilisimama. Injini za malori zilizimwa. Kalamu mbili za rangi ya dhahabu, zilizonunuliwa makusudi kwa ajili ya kutia saini mkataba, zilirudishwa ndani ya kasha lao la mahameli. Mkurugenzi wa Idara ya Kukuza Mauzo ya Nje, ambaye hakuwahi kukatiza hotuba yake kwa sababu ya mvua, njaa ya wasikilizaji wala kukatika kwa umeme, aliikatiza katikati ya neno "ushirikiano".

Aliyesababisha yote hayo ni nzi. Tena nzi mfu.

Mdogo kama punje ya mchele, alikutwa ndani ya katoni ya maparachichi na mkaguzi aliyevuka bahari kuja kuthibitisha kwamba nzi wa matunda hawamo ndani ya jengo letu la kufungashia. Mkaguzi hakupiga kelele. Alimshika nzi kwa kibano, akamtia kwenye kichupa cha spiriti, akakipiga lakiri, kisha akaomba maji ya kunywa. Baadaye wafanyakazi walisema laiti angepiga kelele, hofu yao ingepungua.

Mkurugenzi, ambaye akiwa hayupo huitwa Mzee Hotuba, alitukusanya uani.

"Amekutwa nzi ndani ya katoni," alisema. "Ndani ya katoni, basi. Hakuna anayeruhusiwa kujua zaidi ya hapo wala kusema zaidi ya hapo."

Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yake fupi kuliko zote, na ndiyo pekee iliyosikilizwa hadi mwisho.

Mambo yalikuwa hivi. Ujumbe wa wageni ulikuwa unaondoka jioni. Kama nzi asingepata maelezo kabla ya hapo, soko lingefungwa mpaka msimu mwingine, na matunda yaliyoko mashambani yangeozea mitini huku wakulima wakiyatazama. Na ofisa ubora, aliyeweka saini kwamba jengo lake halina nzi hata wa dawa, angesimamishwa kazi kabla ya lori la mwisho kutoka getini.

Ofisa ubora ni mama yangu.

*

Mpelelezi wa wizara alifika akiwa na mabuti yake ya mpira mkononi, kama mtu anayekwenda kulima. Mwanamke wa makamo, mfupi, miwani imening'inia shingoni kwa kamba ya viatu. Kule wizarani wanamwita Bi Kimya. Inasemekana hajawahi kumgombeza mshukiwa yeyote. Anauliza swali moja, ananyamaza, na mshukiwa anajigombeza mwenyewe.

Alipita kwanza chumba cha wageni, akakaa huko kitambo. Alipotoka alikuja moja kwa moja kwenye meza ya Mama.

"Shikamoo," nilisema mimi, kwa sababu nimelelewa.

"Marahaba." Macho yake yalitua kifuani pangu, kwenye kadi niliyojibandika kwa pini. Ilikuwa imeandikwa MKALIMANI kwa kalamu ya wino mzito. Aliitazama muda mrefu kuliko neno moja linavyostahili. "Wewe ndiye mkalimani?"

"Mkalimani wa mazoezi tu. Wa kweli yuko na wageni."

"Ni mwanangu huyu," Mama aliingilia. "Yuko likizo, anarudi bweni wiki ijayo. Nisamehe, nilimleta kwa sababu nyumbani nikimwacha peke yake narudi nakuta majirani wamekusanyika."

"Anasoma nini?"

"Sayansi," Mama akajibu, na hata siku ile, na uso ule aliokuwa nao, alilisema neno hilo kwa fahari.

Bi Kimya akanikabidhi begi lake. "Atafuatana nami."

Hivyo ndivyo nilivyoteuliwa kuwa msaidizi rasmi wa upelelezi wa taifa. Nilijinyoosha. Nilimtazama yule mlinzi wa getini ambaye kila siku huniuliza nimemfuata nani, nikamwonyesha begi.

Ukumbi wa kufungashia ulikuwa kimya. Mikanda iliyozoea kusukuma matunda ilikuwa imelala, na wafungashaji walikaa ukutani na kofia zao za wavu kichwani, mikono mapajani, kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa. Mama alijibu maswali akiwa amesimama.

"Mitego ya nzi?"

"Mitupu tangu msimu uanze. Naikagua mwenyewe."

"Milango?"

"Miwili. Mmoja ukiwa wazi, mwingine haufunguki."

"Nani huingia bila kubadili mabuti?"

"Hakuna."

"Mkurugenzi?"

Mama alisita. "Mkurugenzi hubadili akikumbushwa."

Bi Kimya akanyamaza. Mama, ambaye hana siri, aliujaza ule ukimya kwa kitu pekee alichokuwa nacho.

"Mimi nililisaini jengo hili, dada. Nikilala naliota. Kama nzi ameingia humu kwa mbawa zake, basi sijui kazi, na wasinisimamishe, wanifukuze kabisa."

Nilikohoa. Msaidizi rasmi lazima asaidie.

"Mpelelezi, samahani. Tazama kule juu, dirisha la tatu. Wavu umechanika."

Vichwa vyote viliinuka. Kweli, kwenye kona ya wavu palikuwa na mpasuko, mdogo lakini wa kutosha ukoo mzima wa nzi kupita wakiwa wameshikana mikono. Mama alishika kifua. Bi Kimya aliomba ngazi, akapanda na mabuti yake taratibu, ngazi ikilia kila hatua, akavaa miwani. Alikaa huko juu mpaka shingo zetu zikauma.

"Kuna utando wa buibui," alisema.

"Buibui!" Mama akasema, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa kuna simba.

"Umeziba mpasuko wote. Una vumbi la siku nyingi, na haujatoboka popote." Akashuka. "Huyu buibui amekuwa akikufanyia kazi bila mshahara. Aliyeingia na nzi hakupita hapa."

Nilisikia neno moja tu katika sentensi ile. Hakusema "nzi aliyeingia". Alisema "aliyeingia na nzi".

Begi likawa zito ghafla.

*

Tulitoka kwenda uani, ambako dereva wa lori la matunda alikuwa akiosha gari ambalo lilikuwa limekwisha kuwa safi. Anaitwa Baba Mapacha. Mke wake alimzalia mapacha, wakashukuru, kisha akamzalia mapacha tena, wakashukuru kwa sauti ya chini. Yeye mwenyewe husema Mungu humuuzia kwa jumla. Ni mtu mwema. Kila muhula unapofunguliwa hunibebea sanduku langu hadi stendi na hakubali hata asante.

Kwa hiyo nielezeni ni shetani gani aliyenisukuma kumnong'oneza Bi Kimya:

"Wiki iliyopita alibeba maembe. Embe ndiyo nyumba ya nzi hawa. Mmoja anaweza kupanda kwenye lori, akaingia na matunda, akajipenyeza mpaka chini ya karatasi, akasafiri bure hadi Asia."

Bi Kimya alinitazama. Nikajikuta naongeza, "Nawaza tu."

"Waza," alisema, akamgeukia dereva. "Ulibeba maembe?"

Ndoo ilimponyoka. "Ya shemeji yangu, mama! Ndoo mbili tu! Nani kasema?" Akatutazama mmoja mmoja, akafika kwangu, akanipita, kwa sababu hakuweza kunidhania. "Mama, mimi nina watoto wanne wa tarehe mbili. Nikikosa kazi hapa hata mmoja hatonielewa. Lori niliosha. Nilipiga na dawa. Ofisa mwenyewe alikagua, muulize."

"Ukileta maparachichi unayashusha wapi?"

"Hapo nje ya ukuta. Mimi siingii ndani. Sijawahi kuingia. Wanayapokea kwa dirisha, yanakwenda kwenye maji."

"Kisha?"

"Kisha yanapigwa brashi. Kisha upepo wa moto. Naona kwa dirisha tu, mama."

Bi Kimya alitikisa kichwa kukubali. "Nzi niliyemwona kwenye kichupa ana mbawa zote mbili, miguu yote sita, hata vinyweleo vya mgongoni. Nzi aliyetoka kwenye lori lako angepita majini, kwenye brashi na kwenye upepo wa moto. Asingebaki na hata kope."

Baba Mapacha alitafakari habari hiyo. "Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe."

Akakaa kwenye bampa la lori, akafunika uso kwa kitambaa cha kuoshea gari, mabega yakatikisika. Sikujua kama analia au anacheka. Sikutaka kujua. Bi Kimya naye alikuwa haangalii kule, alikuwa anaangalia namna nilivyokuwa nakwepa kuangalia.

*

Chumba cha baridi kilikuwa kimepigwa lakiri ya wageni, na mkalimani wao ndiye aliyekuja kutufungulia. Kijana mtanashati, kadi yake imechapishwa kwa mashine, ina picha. Aliisoma kadi yangu, akainua nyusi.

"Mwenzangu," alisema.

"Karibu," nikajibu.

Katoni ya maafa ilikuwa mezani, imefunguliwa. Zingine zilipangwa ukutani kama ndugu wanaoona haya. Bi Kimya hakugusa matunda wala karatasi laini iliyotandikwa chini yake. Aligeuza katoni, akapitisha ukucha kwenye selotepu ya juu. Akaenda kwenye katoni nyingine, akapitisha ukucha. Akarudi. Mvuke ulikuwa ukimtoka puani. Alirudia mara nyingi hata mkalimani akaanza kurukaruka kwa baridi.

"Njoo ushike," aliniambia.

Nikashika. Kwenye katoni nyingine zote selotepu ilikuwa moja. Kwenye hii palikuwa na selotepu juu ya selotepu, na ya chini ilikuwa imekatwa kwa kisu.

"Mkaguzi wa wageni amekata leo ya juu," alisema. "Ya chini ilikatwa lini?"

Meno yangu yalikuwa na kazi nyingine.

Aliagiza aitwe msimamizi wa ghala. Huyu namwita Mjomba Stoo, ingawa si ndugu wa Mama. Ni mjomba kwa sababu amenijua tangu nikiwa mgongoni, na kwa sababu ya kunitania bila kuchoka. Ni mtu mpana, mwenye kujivunia jicho lake. Kwa maneno yake mwenyewe, jicho lake linaona sisimizi gizani na kujua kama ana mimba. Aliingia akijifunga koti.

"Hii katoni ilikwisha kufunguliwa," Bi Kimya alisema.

"Leo, na wageni."

Bi Kimya akanyamaza.

"Leo," Mjomba Stoo akarudia. Akafuta pua. Akatazama dari. Akatazama selotepu. Mashine ya baridi ikavuma, ikazima, ikavuma tena. "Na jana kidogo."

Ukimya.

"Jana tulikuwa na mazoezi, mpelelezi. Mazoezi ya ugeni. Mkurugenzi alitaka tusiaibike, kwa hiyo tukafanya ugeni mzima kana kwamba ni kweli. Yeye alikuwa yeye. Mama wa huyu alikuwa ofisa ubora, yaani kama alivyo. Mimi nikawa mkuu wa wageni. Nilivaa koti la Mkurugenzi."

"Na mkalimani?"

"Huyu hapa." Alininyooshea kidole kwa upendo. "Alitoa lugha hiyo, sijui aliitoa wapi, tulicheka mpaka Mkurugenzi akaomba utulivu."

Mkalimani wa kweli alinitazama tena, safari hii bila kuinua nyusi.

"Ulikagua vipi?" Bi Kimya akauliza.

"Kwa heshima. Niliinama, nikakata selotepu, nikasema 'aaa'. Nikaonja parachichi moja."

"Ulitazama chini ya karatasi?"

"Chini ya karatasi kuna nini cha kutazama?"

"Mmeambiwa nzi alikutwa wapi?"

"Ndani ya katoni, basi. Ndivyo alivyotuambia Mkurugenzi. Kwani alikuwa wapi?"

Bi Kimya aliigeukia tena katoni. Hakunitazama, na hilo lilinitisha kuliko kama angenitazama. Maneno yangu ya kule kwenye lori, "chini ya karatasi", yalinirudia moja moja, yakiwa yamevaa viatu vizito.

"Baada ya mazoezi, katoni hii ilipaswa kwenda wapi?"

"Itolewe. Ofisa alisema itolewe, imeshafunguliwa. Lakini Mkurugenzi..." Alitazama mlangoni, na kweli ukimtaja mtu anatokea: Mzee Hotuba alikuwa amesimama pale akiwa na viatu vya ngozi. Mama alikuwa nyuma yake, na jozi ya mabuti mkononi, akimkumbusha.

"Mkurugenzi alisema nini?" Bi Kimya akamuuliza Mkurugenzi mwenyewe.

"Nilisema yamependeza," alijibu. "Yalikuwa yamepangika, yanang'aa, ya kijani kibichi. Nikasema hiyo hiyo wageni waione. Tatizo liko wapi? Jaza tunda lingine, funga, weka juu."

"Bila mimi kujua!" Mama akasema.

"Wageni walipaswa kuchagua katoni wenyewe," alisema Bi Kimya.

"Na walichagua wenyewe! Sisi tuliwasaidia tu kuchagua. Tuliiweka mbele, chini ya taa." Mzee Hotuba akavuta pumzi, na tukajua inakuja. "Mpelelezi, tumehangaikia soko hili miaka. Tumekwenda maonyesho kule kwao na maparachichi kwenye masanduku ya nguo. Tumewaalika, wakaahirisha. Tumewaandikia, wakauliza maswali ambayo hata mti wenyewe hauna majibu yake. Leo wamekuja. Saini ilikuwa hapa." Alionyesha kiganja. "Mimi sitarudi wizarani na nzi. Tuandike uzembe wa ofisa ubora, asimamishwe, tuombe ukaguzi mwingine. Nchi kwanza."

Mabuti yalimponyoka Mama mkononi. Hakuyaokota.

*

Chumba cha mikutano kilikuwa bado kimepambwa. Vibendera mezani, kasha la kalamu, na bango la kitambaa lenye maneno ya kukaribisha ambayo sasa yalionekana kama kejeli. Mkaguzi wa wageni alikaa upande mmoja, mzee mwembamba mwenye sauti ya chini, kichupa mbele yake. Mkalimani kando yake. Sisi upande wa pili: Mzee Hotuba, Mama, Bi Kimya, na mimi na begi. Dirishani niliona gari la kuwapeleka uwanja wa ndege limewashwa taa za pembeni.

Bi Kimya akatoa lenzi ya mkononi kwenye begi, akaisukuma mezani bila kukigusa kichupa.

"Naomba atazame mgongo wa nzi. Kati ya mbawa, kulia kidogo."

Mkalimani akasema kwao. Mzee akainua kichupa kwenye mwanga, akakizungusha polepole mpaka nzi akageuka ndani ya spiriti kama mtu anayejigeuza kitandani. Akatazama. Akatoa miwani, akaifuta, akatazama tena. Kisha akasema maneno machache.

"Anasema ana tundu," mkalimani akatafsiri. "La mviringo. Limepita mpaka tumboni."

"Ni tundu la pini," alisema Bi Kimya. "Huyu alikufa zamani, akakaushwa, akachomwa pini kama wadudu wa kufundishia. Kisha jana akawekwa chini ya karatasi ya katoni, na leo akatiwa kwenye spiriti. Amekufa mara mbili. Hakuwahi kuruka ndani ya jengo hili."

Mzee Hotuba alipiga meza kwa furaha. "Basi! Nzi si wetu! Tusaini!"

Mzee wa wageni aliinua kidole kimoja. Alizungumza kwa muda, bila hasira, na mkalimani akamngoja amalize.

"Anasema kazi yake ni kuhesabu nzi, si kuwauliza walikotoka. Lakini kwa huyu atauliza. Anasema mtu anayeweza kuingia na nzi mfu anaweza kuingia na nzi hai. Asipojua ni nani, alimtoa wapi na kwa nini, hawezi kurudi kwao akasema jengo hili lina mlango unaofungika. Anasema samahani. Gari linangoja."

Hapo ndipo Mama alipovuta karatasi na kalamu. Si zile za dhahabu, ya kawaida, ya kwake, ambayo kofia yake huitafunatafuna.

"Niandike mimi," alisema. "Funguo ninazo mimi. Aliyeingia aliingia mimi nikiwa zamu. Andikeni ni uzembe wangu, wao wafungue soko."

"Hekima hiyo," alisema Mzee Hotuba.

Bi Kimya akanyamaza.

Sasa, mimi naujua ukimya. Nimesimama mbele ya makamu mkuu wa shule zaidi ya wanafunzi wote wa kidato changu wakijumlishwa. Nimestahimili ukimya wa matroni aliyekuta chura kwenye birika. Najua namna ya kukaza macho kwenye kitu kisicho na hatia, saa ya ukutani kwa mfano, na kungoja kengele. Nikakaza macho kwenye kasha la mahameli. Kalamu ya Mama ikagusa karatasi. Ikaandika neno la kwanza. Nilisikia ikikwaruza.

Bi Kimya akaweka mkono wake mezani mbele yangu, kiganja juu, wazi. Hakusema anataka nini.

Nikafungua pini.

Kadi ya MKALIMANI ikaanguka. Pini niliiweka kwenye kiganja chake: ndefu, nyeusi, nyembamba kama unywele, na kichwa kidogo cha duara. Pini za ofisini zilikuwa zimeisha jana wakati wa kubandika kadi, na mimi nilikuwa na hii, maana nilikuwa nimetoka tu kuichomoa mgongoni mwa nzi.

"Ni mimi," nikasema.

Kalamu ikasimama.

"Nzi ni wa shule. Wa kabati la baiolojia, safu ya chini, pembeni ya nyenje. Nilimchukua siku ya kufunga shule, nikamleta kwenye boksi la kiberiti. Nilimweka chini ya karatasi ya katoni ya mazoezi, kabla haijafungwa, wafungashaji walipokwenda kula. Nilivaa mabuti, Mama. Nilibadili mabuti."

Mama alinitazama miguuni. Nilitamani anipige.

Mkalimani alikuwa akitafsiri kwa sauti ya chini, akinifuata nyuma kama kivuli. Mzee wa wageni akauliza neno moja.

"Anauliza kwa nini."

Niliwaza kusema kitu kikubwa. Utafiti. Kupima usalama wa jengo kwa manufaa ya taifa. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, yamepigwa pasi.

"Nilitaka Mjomba Stoo apige kelele," nikasema. "Anasema jicho lake linaona kila kitu. Nilitaka akifungua aruke, tucheke. Lakini hakutazama. Alionja. Mazoezi yakaisha, nikasema nitamtoa baadaye, nikarudi nikakuta chumba kimefungwa. Mama alikuwa amesema katoni itolewe. Nikajua itatupwa na nzi wake. Nikalala."

Mkalimani alifika kwenye "aruke, tucheke" akasita, akatafuta, akasema kitu kirefu. Mzee alinisikiliza mimi, si yeye.

"Na leo asubuhi?" Bi Kimya akauliza. Lilikuwa swali lake la kwanza kwangu siku nzima.

"Leo asubuhi nilijua tangu mkaguzi alipotoa kibano." Niliiokota kadi iliyoanguka. "Nikaonyesha wavu. Nikamsingizia Baba Mapacha. Nilikuwa nangoja mtu mwingine apatikane."

Mzee alikunja lenzi, akamrudishia Bi Kimya. Akaitazama pini juu ya kiganja chake, akakitazama kichupa. Alipozungumza alikuwa anamtazama Mama.

"Anasema atachukua maelezo ya binti kwa maandishi, pamoja na pini, na nakala itakwenda shuleni kwake ili kabati likaguliwe. Gari lisubiri. Anasema atafungua katoni nyingine sasa hivi, nyingi, atazichagua yeye, kutoka nyuma. Na anaomba," hapa mkalimani alimgeukia Mzee Hotuba kwa adabu sana, "asisaidiwe kuchagua."

Mama alinisogezea karatasi. Alikuwa ameandika neno "Mimi" tu, na kalamu ilikuwa bado ina joto la mkono wake. Nikaendelea kutoka pale alipoishia. Niliandika jina langu lote, na la shule, na namba ya kabati, na kwamba mabuti nilibadili. Alisimama nyuma yangu akisoma kila mstari, kama anavyosoma kila katoni, na alipofika kwenye jina la Baba Mapacha alisema, "Hilo utamwambia mwenyewe, kwa mdomo wako. Leo."

Nilisema huko mwanzo kwamba Bi Kimya aliniteua kuwa msaidizi wake rasmi. Hakuniteua. Alipotoka chumba cha wageni alikuwa ameshaliona tundu, na alipofika mezani kwa Mama aliiona pini. Alinipa begi nibebe ili mikono yangu iwe mahali anapoiona.